Nani Aweza Kusoma Fizika Katika Chuo Kikuu?

Kila mwaka, matokeo ya Mtihani wa Serikali yanapotangazwa, furaha huwa kubwa katika nyumba nyingi za Kongo. Vijana waliofaulu humwagiwa unga mweupe kichwani, mama hupiga vigelegele, na majirani huja kutoa pongezi. Lakini baada ya majuma machache, furaha ya wengine yageuka kuwa masikitiko. Kijana afika chuo kikuu, au universite kama tunavyosema kwetu, akiwa na diploma mkononi, asema: «Nataka kusoma fizika.» Karani atazama karatasi zake, kisha amwuliza: «Katika humanite ulisoma fungu gani?» Hapo ndipo wengi watambuapo kwamba jambo lao lilikwisha kuamuliwa miaka minne nyuma, wala hakuna aliyewaambia.

Wengine huelekezwa kwenye masomo mengine. Wengine hupokelewa, lakini mwaka wa kwanza hauishi kabla hawajashindwa, na fedha za baba zimekwisha kupotea. Ndiyo sababu twaandika habari hizi kwa wazazi kwanza, kisha kwa wanafunzi: mlango wa fizika hauanzi kwenye ofisi ya chuo kikuu. Waanza mbali zaidi, mtoto akiwa na miaka 14 hivi.

Fizika ni elimu gani?

Fizika ni elimu inayotafuta sheria za vitu na za nguvu: mwendo na uzito, joto na mwanga, sauti, sumaku na umeme. Kazi yake si kutaja majina tu, bali kupima, kuhesabu, na kuonyesha kwa nini jambo latukia hivi na si vile.

Tutoe mfano wa jikoni. Mama wa Bukavu ajua kwamba maharagwe yake yachelewa kuiva kuliko yale ya dada yake aliyeolewa Matadi. Mmoja atalaumu kuni, mwingine atalaumu mbegu. Mwanafizika atasema: Bukavu iko juu, mita 1,500 hivi kupita usawa wa bahari, huko hewa ni nyepesi zaidi, haiyakandamizi maji kwa nguvu kama kule pwani, kwa hiyo maji yachemka yanapofika digri 95 hivi, badala ya 100. Ukiongeza kuni, maji yatakauka upesi, lakini joto lake halitapanda. Hiyo ndiyo fizika: sababu moja yenye kupimika, mahali pa maneno mengi.

Na nchi yetu ina mambo mengi yanayongoja elimu hii. Chini kabisa ya maji ya Ziwa Kivu mna gesi ya metani, yapata kilometa za ujazo 60, pamoja na gesi ya kaboni iliyo nyingi zaidi. Upande wa Rwanda, tangu mwaka 2016, mtambo watoa umeme kwa gesi hiyo. Mlima Nyiragongo ulimwaga moto wake mwaka 1977, mwaka 2002 na mwaka 2021; mwaka 2002 moto huo ulipita katikati ya mji wa Goma hata ukaingia ziwani. Ili kuichunguza milima hiyo ilianzishwa Observatwari ya Volkano ya Goma mwaka 1986. Na kabla yake, katika miaka ya 1950, vyombo vya kupima matetemeko ya nchi viliwekwa Lwiro, si mbali na Bukavu. Kule Inga, mto mkubwa wazungusha mitambo ya umeme tangu mwaka 1972. Hospitalini, picha za mifupa zapigwa kwa miali ambayo wanafizika waliivumbua. Je, kazi hizi zote tutawaachia wageni siku zote?

Elimu hii si ngeni kwetu

Watu wengine hudhani kwamba fizika ni kitu cha Ulaya na Marekani tu. Sivyo. Mwaka 1954, Chuo Kikuu cha Lovanium kilifungua milango yake juu ya kilima cha Mont Amba, karibu na mji uliokuwa ukiitwa Leopoldville. Mkuu wake wa kwanza, Monsinyori Luc Gillon, alikuwa padri na mwanafizika. Mwezi wa 6 mwaka 1959, yaani mwaka mmoja kabla ya uhuru, mtambo wa atomi wa kufanyia majaribio, TRICO I, ulianza kazi pale pale kilimani. Ulikuwa wa kwanza katika Afrika nzima. Mtambo wa pili, wenye nguvu zaidi, ulifuata mwaka 1972. Nao haufanyi kazi tangu mwaka 2004.

Mwaka 1971 Serikali iliunganisha vyuo vikuu vya nchi kuwa kimoja. Mwaka 1981 vikatenganishwa tena. Hivyo Lovanium ya zamani ndiyo Chuo Kikuu cha Kinshasa cha leo. Fizika yafundishwa huko, tena Lubumbashi. Na walimu wa fizika wa shule zetu hutayarishwa katika vyuo vya ualimu viitwavyo ISP.

Historia hii yatufundisha jambo moja. Mtambo waweza kununuliwa na kusimamishwa kwa muda mfupi. Lakini mtu wa kuutumia hapatikani kwa miaka miwili wala mitatu. Huanza kutayarishwa angali mtoto. Hata Lovanium yenyewe, ilipoanza, ilibidi iweke mwaka wa matayarisho kwa vijana ambao shule zao hazikuwapa hesabu na sayansi za kutosha.

Sasa tutazame, moja moja, mambo yanayotakiwa.

1. Fungu la masomo

Mtoto akimaliza miaka 6 ya shule ya msingi, huendelea na darasa la 7 na la 8. Kisha huingia katika humanite za miaka 4, na hapo sharti achague fungu: sayansi, ualimu, biashara, Kilatini na falsafa, ufundi na mengine. Anayetaka kusoma fizika baadaye, njia yake iliyonyoka ni fungu la sayansi. Kwa miaka mingi fungu hilo liligawanywa mara mbili, hesabu na fizika upande mmoja, biolojia na kemia upande wa pili. Na wale wa upande wa kwanza ndio waliokuwa tayari zaidi kwa masomo haya.

Je, familia nyingi huchagua namna gani? Twajua wote. Baba asema: «Biashara huleta kazi upesi.» Mama asema: «Shule ya ualimu iko karibu, hatutalipa nauli.» Mtoto mwenyewe asema: «Rafiki zangu wote wanakwenda kule.» Hatudharau mafungu hayo, nchi yahitaji makarani na walimu. Lakini kila moja la maneno hayo lafunga milango fulani, nayo hufungwa kimya kimya, bila kelele. Wazee walisema: udongo uwahi ungali maji. Wakati wa kuuliza ni mwisho wa darasa la 8, wala si siku ya kupata diploma.

2. Diploma na alama

Mtihani wa Serikali, ambao wanafunzi huuita Exetat, ndio unaotoa Diploma ya Serikali, na bila diploma hiyo hakuna chuo kikuu kitakachompokea mtu. Una insha ya Kifaransa, kisha siku nne za maswali: maarifa ya jumla, sayansi, lugha, na masomo ya fungu lenyewe. Anayepata alama 50 kwa mia amefaulu.

Lakini kufaulu ni jambo moja, na kuwa tayari ni jambo lingine. Fakulte ya sayansi yaweza kudai alama zaidi, au mtihani wa kuingilia. Tena itataka kuona buletini za miaka ya mwisho, maana buletini yasema lile ambalo diploma halisemi: kama mwanafunzi alipata 80 katika historia na 35 katika hesabu, mwalimu wa fizika atatazama hiyo 35.

Hapa sharti tuseme waziwazi juu ya ugonjwa mmoja. Wako wanaonunua majibu ya mtihani, na wako wazazi wanaowapa fedha za kununulia. Katika masomo mengine udanganyifu huo waweza kufichika kwa muda. Katika fizika haufichiki hata mwezi mmoja. Mwalimu aandika swali ubaoni, akuita, akupa chaki. Na chaki haisemi uongo. Fedha zile zingalitosha kumlipa mwalimu wa kumsaidia mtoto hesabu kwa muda wa miezi mingi.

3. Hesabu

Watu huuliza: «Mwanangu apenda kufungua redio na kutengeneza taa, je, atakuwa mwanafizika?» Ni dalili njema, lakini haitoshi. Lugha ya fizika ni hesabu. Atakayeingia mwaka wa kwanza yampasa awe ameshika vema aljebra, jiometria, trigonometria, vekta, na ile hesabu ya mabadiliko yenye derivata na integrali.

Tuseme mtu adondosha jiwe katika shimo refu la kisima, na baada ya sekunde 2 asikia limepiga maji. Kisima kina urefu gani? Kanuni yasema: zidisha wakati kwa wakati, kisha zidisha kwa 4.9. Basi 2 mara 2 ni 4. 4 mara 4.9 ni 19.6, urefu ni mita 20 hivi. Mwanafunzi wa kwanza akariri kanuni hiyo na kupata jibu. Mwanafunzi wa pili auliza: «Kwa nini wakati wazidishwa kwa wakati? Mbona sekunde 4 hazileti urefu mara mbili, bali mara nne?» Naye atafuta mpaka aone kwamba jiwe lazidi kwenda mbio kila sekunde. Wa kwanza aweza kupata diploma. Wa pili ndiye atakiwaye katika chuo kikuu.

Twaongeza neno la faraja. Hesabu si kipawa cha watu wachache waliozaliwa nacho. Ni kama ukuta wa matofali: anayeshindwa darasa la 3 la humanite, mara nyingi tofali lililokosekana ni la darasa la 7, labda sehemu au namba hasi. Arudi nyuma bila haya, alitie tofali hilo mahali pake, na ukuta utasimama.

4. Kifaransa

Masomo ya vyuo vikuu vya Kongo hutolewa kwa Kifaransa. Swali la fizika laweza kubadilika kabisa kwa sababu ya neno moja dogo, kama vile «angalau» au «pasipo». Mwanafunzi asiyelielewa swali hawezi kulijibu, hata kama hesabu zake ni safi. Kwa hiyo anayepanga kusoma sayansi asiseme kwamba lugha si kazi yake. Asome kila siku ukurasa mmoja wa kitabu cha Kifaransa, na aandike kwa maneno yake mwenyewe alichokielewa.

5. Mikono, macho na uvumilivu

Fizika hujifunzwa pia kwa vyombo. Shule nyingi hazina chumba cha majaribio, nasi twajua taabu hiyo. Lakini asiye na vyombo vya shule asikae bure. Chukua uzi na jiwe dogo. Lifunge jiwe, tundika uzi kwenye msumari, upime sentimeta 100 kutoka msumari mpaka katikati ya jiwe. Lisukume kidogo, hesabu mara 10 za kwenda na kurudi, mwenzako akitazama saa. Mtapata sekunde 20 hivi. Sasa weka jiwe zito zaidi kwa urefu ule ule: mtapata tena 20. Watu wengi hawasadiki mpaka waone. Kisha fupisha uzi uwe sentimeta 25: mtapata 10. Urefu umepungua mara nne, wakati umepungua mara mbili. Kwa nini? Andika vipimo vyote katika daftari, hata vile vinavyoonekana vibaya, wala usibadili namba ili zipendeze. Mwanafunzi anayefanya hivyo amekwisha kuanza kazi ya mwanafizika, ingawa hana chombo hata kimoja cha kununuliwa.

6. Wakati na fedha

Tangu mwaka wa masomo 2021-2022, vyuo vikuu vya Kongo hufuata utaratibu mpya. Zamani mtu alisoma miaka 3 ya graduat, kisha miaka 2 ya licence. Sasa licence yenyewe ni ya miaka 3, yenye kredi 180, yaani 60 kila mwaka. Anayeendelea hufanya miaka 2 ya masta, na baadaye udaktari. Mzazi afanye hesabu tangu mwanzo: ada ya chuo, nyumba ya kupanga, chakula, nauli, vitabu. Familia iliyolipa mwaka mmoja na kushindwa mwaka wa pili imepoteza vyote viwili. Ni afadhali kuketi pamoja, baba, mama, wajomba na shangazi, na kugawana mzigo kabla kijana hajaondoka.

Ni vema pia kusema kweli: fizika si njia ya utajiri wa haraka. Wengi watakuwa walimu, na mshahara wa mwalimu twaujua. Wengine watapata kazi katika umeme, migodi, hali ya hewa, hospitali, au uchunguzi wa milima ya moto. Anayetafuta fedha za mwaka kesho achague kazi nyingine. Lakini nchi ikikosa walimu wa fizika kwa miaka ishirini, itakosa pia wainjinia na waganga, maana wote hao hupitia mikononi mwa mwalimu huyo.

Na mabinti zetu?

Katika madarasa mengi ya sayansi wavulana ni wengi, wasichana ni wachache. Watu husema: «Msichana hawezi hesabu ngumu.» Tuwajibu kwa habari ya mtu mmoja.

Mwaka 1867, huko Warsaw katika nchi ya Polandi, alizaliwa Maria Sklodowska. Chuo kikuu cha mji wake hakikupokea wanawake. Familia yake haikuwa na fedha. Basi Maria alipatana na dada yake Bronia: Maria afanye kazi ya kufundisha watoto nyumbani mwa watu, na mshahara wake umsaidie Bronia kusoma uganga Paris, kisha Bronia naye amsaidie Maria. Miaka ikapita. Mwaka 1891 Maria aliwasili Paris, akaona kwamba hesabu zake na Kifaransa chake havikutosha. Hakurudi kwao. Alisoma usiku na mchana ili kuwafikia wenzake, na mwaka 1893 akawa wa kwanza katika mtihani wa licence ya fizika. Mwaka uliofuata akawa wa pili katika hesabu. Huyo ndiye Marie Curie, aliyepewa tuzo ya Nobel ya fizika mwaka 1903, na ya kemia mwaka 1911. Radiumu aliyoivumbua pamoja na mumewe ilikuja kutolewa kwa wingi, katika miaka ya 1920, katika mawe ya Shinkolobwe, huko kwetu Katanga.

Wazazi waangalie vema: hakuwa na chuo karibu, hakuwa na fedha, hakuwa na matayarisho kamili. Alikuwa na bidii, na alikuwa na dada aliyetimiza ahadi. Binti yenu akileta 75 katika hesabu, msiharakishe kuuliza ataolewa lini. Ulizeni kwanza shule gani ina fungu la sayansi.

Mashauri machache

Kwa wazazi wa mtoto wa darasa la 7 au la 8: nendeni mkamwone mwalimu wake wa hesabu. Mwulizeni maneno mawili: mtoto aelewa, au akariri tu? Tena, ni shule gani hapa yenye walimu wa kweli wa hesabu na fizika katika madarasa ya juu? Shule yenye jina kubwa isiyo na mwalimu wa fizika haifai kitu kwa jambo hili.

Kwa mwanafunzi aliye katika humanite za sayansi: kila siku fanya maswali matatu ya hesabu, wala si thelathini siku ya kuamkia mtihani. Kaeni wawili au watatu mkaelezane. Asiyeweza kumweleza mwenzake hajaelewa.

Kwa yule aliyekwisha kusoma fungu lingine na bado moyo wake wapenda fizika: usikate tamaa, lakini usijidanganye. Kabla ya kulipa franka hata moja, nenda kwenye ofisi ya fakulte yenyewe, uulize kama diploma yako yakubaliwa, na kama kuna mtihani wa kuingilia. Kisha chukua vitabu vya hesabu vya miaka yote minne ya humanite za sayansi, uvipitie toka mwanzo hata mwisho. Mwaka mmoja wa kazi hiyo nyumbani ni bora kuliko mwaka mmoja wa kushindwa katika chuo.

Hayo ndiyo mambo yanayotakiwa. Ofisi ya chuo hutazama mawili tu: fungu la masomo, kisha diploma pamoja na alama zake. Mengine manne yako mikononi mwa mwalimu, mwanafunzi na jamaa zake, nayo hayangoji. Mwezi huu, katika kila parokia, wapo watoto wa darasa la 8 ambao karibu watachagua fungu. Aketi basi kila mzazi na mtoto wake jioni moja, buletini mezani, wazungumze kabla wengine hawajawachagulia.